Wadi Kavu

Ilitangazwa rasmi, mbele ya wachungaji, wanahabari na masinia ya sambusa, kwamba wadi yetu hapa Kiamunyi imeushinda mkojo wa watoto. Mtangazaji alikuwa Bwana Ephantus, Afisa Mkuu wa Idara ya Ukavu wa Watoto, mtu ambaye tumbo lake humtangulia mkutanoni kama msaidizi. Alisema kituo chetu cha malezi ni kikavu kuliko vyote Bonde la Ufa, na kwamba Mkurugenzi mwenyewe angefika Ijumaa kukizindulia choo kipya. Watu wakapiga makofi. Sambusa zikaisha. Ephantus, aliyejua kwamba Ijumaa ikipita salama ofisi ya juu ni yake, alishaanza kuaga majirani.

Ukavu huo haukudondoka kutoka mbinguni. Uliundiwa kamati. Hapo awali watoto walifunzwa poti na Wariara, mlezi wa kituo, bila sera yoyote. Mtoto aliketi, akaimbiwa, akasusu au asisusu. Akilowesha nguo, Wariara alimbadilisha akamwambia, "Haidhuru, babangu, kesho tutajaribu tena," na maisha yakaendelea. Ephantus aliposikia haya aliona aibu kwa niaba ya taifa.

Kamati ikapitisha kanuni, ikachorwa ukutani kwa rangi nyekundu: Mtu yeyote atakayelowesha nguo ndani ya eneo la kituo atarudishwa nyumbani papo hapo hadi atakapokomaa. Sitati, mwanakamati mwenye tabia mbaya ya kufikiri, aliuliza kama haingekuwa afadhali kuandika "mtoto yeyote".

"Sheria haichagui umri, Sitati," Ephantus alimjibu. "Tukiandika mtoto, watu watadhani tunacheza."

Basi kukakauka, mpaka siku Kipchirchir alipopata dada. Kipchirchir ni mtoto wa Jepkoech, yule mama anayekaanga viazi pale njia panda. Alikuwa ameacha nepi vizuri, anajitafutia poti mwenyewe na kutangaza matokeo kwa sauti. Kichanga kilipoletwa nyumbani, kijana akaona hii serikali mpya haijali wananchi wa zamani, akaanza kulowesha.

Ephantus hakupuuza. Alileta kamati nzima, wakamkalisha Kipchirchir kwenye poti, wakamzunguka na tai zao, wakanyamaza kama walio kwenye mazishi. Mtoto akawatazama mmoja mmoja. Hakuna kitu. Kamati ikangoja. Hakuna kitu. Mwishowe Ephantus akampongeza kwa ukavu wa hali ya juu, na Kipchirchir, baada ya kushikwa mkono, akainuka akasusu kwenye kiatu cha Afisa.

Jepkoech aliitwa ofisini akaja akinuka mafuta, kichanga mgongoni.

"Mama, mtoto wako ni pengo kwenye mfumo," Ephantus alimwambia.

"Si pengo, afisa. Ni mtoto, na roho yake haijatulia. Wewe ulizaliwa na suti?"

Ephantus akaeleza kwamba kanuni ni kanuni. Jepkoech akamuuliza, akimrudisha Kipchirchir nyumbani, ni nani atamwangalia. Mgongoni tayari kuna mtu. Amwachilie akimbie kando ya karai la mafuta moto? Mtoto wa jirani yake aliungua hivyo hivyo, na mkono haujanyooka hadi leo. Ephantus akasema kwamba suala la karai liko chini ya idara nyingine. Ila kwa huruma yake akampa mpaka Ijumaa. Akilowesha mbele ya mgeni, atoke, asirudi.

Ijumaa ikafika, na choo kipya kikawa kimependeza ajabu, vigae hadi juu, utepe mwekundu mlangoni. Cha zamani kilibomolewa ili kisiharibu picha. Ephantus aliamuru hiki kipya kisitumiwe na kiumbe yeyote kabla ya Mkurugenzi kukata utepe, akaweka Ooko, askari, alinde mlango. Mkasi akautia mfukoni mwake mwenyewe, maana watu hawaaminiki.

Mkurugenzi akachelewa. Alikuwa Molo akizindua ghala la viazi. Wakati huo vikundi vya kina mama vilikuwa vimefika, kila kikundi na thamosi yake, na mkubwa hapa kwetu hawezi kuonja chai ya kikundi kimoja akaruka ya kingine. Ataongelewa mpaka mtaa wa Section 58. Ephantus akaonja zote, akasifu zote, akaongezewa zote.

Jepkoech aliketi mbele na mwanawe. Kila baada ya muda Wariara alimchukua Kipchirchir polepole hadi kwenye poti ndani, akamrudisha mkavu. Ephantus hakuiondolea macho ile suruali ndogo. Alikuwa akiichunga hivyo alipogundua kwamba amekunja miguu, kisha akaikunja upande wa pili. Akainuka, akaenda chooni kwa mwendo wa mtu anayekagua ujenzi.

"Haifunguki, boss," Ooko akasema. "Mpaka mgeni akate."

"Ooko, ni mimi niliyesema hivyo."

"Ndiyo maana nakumbuka vizuri."

Angebishana, lakini king'ora kikalia getini. Mkurugenzi akashuka, kamera zikasogea, na mchungaji akasimamisha watu kwa maombi. Aliombea barabara. Aliombea ng'ombe, mmoja mmoja ungedhani. Halafu akaombea mvua. "Fungua, Bwana," akasihi kwa machozi, "fungua mifereji, usizuie tena." Ephantus alikuwa amevaa suti ya kijivu, ile isiyoficha siri.

Watu walifungua macho kabla ya amina. Hakuna aliyecheka, ungecheka vipi mbele ya king'ora? Kipchirchir ndiye aliyeshuka kitini, akaingia ndani, akarudi akiburuta poti ya manjano, akaiweka miguuni pa Afisa.

"Haidhuru, babangu," akasema. "Kesho."

Mkurugenzi akatazama poti, akatazama suti, kisha macho yakampanda ukutani. Akasoma kwa sauti, maana kamera zilikuwa zikimngoja aseme kitu. Alipofika kwenye "mtu yeyote", Sitati akakohoa.

"Hii kanuni ni ya nani?" akauliza.

"Ni yake," Jepkoech akajibu, "na haichagui umri."

Mkurugenzi hakuwahi kurudi nyuma kwenye kanuni mbele ya kamera, hangeanza leo. Ephantus akafungwa leso ya Wariara kiunoni, akarudishwa nyumbani papo hapo, hadi atakapokomaa. Alipopita chooni Ooko alimpigia saluti. Kipchirchir alirudi mapajani mwa mama yake, mkavu, nafasi yake hakuna aliyeitaja tena.

Kina mama walikuwa sasa wamefungua thamosi za mgeni, na Mkurugenzi, aliyekuwa ametoka Molo bila kusimama popote, alimaliza kikombe cha kikundi cha tatu ndipo akamwinamia Sitati na kumuuliza, kwa sauti ya chini, mkasi uko wapi.