Bwana Asali Anunua Amana

Habari kwamba mwenye nyumba fulani amefilisika ilimfikia Bwana Asali akiwa kwenye kiti cha kinyozi, povu likiwa kwenye shavu moja tu. Mwingine angesema maskini, pole yake. Yeye aliuliza kama wapangaji walikuwa wameweka amana. Aliposikia kuwa kila mmoja aliweka kodi ya miezi miwili siku ya kuhamia, aliinuka akaondoka na povu lake.

Tumwie radhi. Mtu huyu hakuwahi kulipa amana maishani. Vyumba vyote alivyopanga alihama kwa kupitia dirishani. Lakini alijua kwamba mwenye hofu huuza kwa hasara, na kwamba mali ya muflisi ikipigwa mnada, wanaomdai hupata chao. Basi angenunua madai ya wapangaji kwa nusu, kisha akachukue nzima kwa mfilisi, yule anayesimamia mali ya muflisi. Mtaji ulikuwa nyumbani. Dada yake, msusi, alikuwa amemkabidhi akiba yake yote akalipie kibanda cha saluni, na Asali aliona ni dhambi pesa nzuri kama ile kwenda kukaa bure.

Wapangaji walimpokea uani, mama mshonaji wa chumba cha mbele akiwa msemaji wao. Asali alieleza kwa huzuni jinsi mahakama inavyojikokota, jinsi benki inavyotangulia kula nyama na mnyonge akaachiwa mifupa. Mama mshonaji alifuta machozi kwa kipande cha kitambaa.

"Mwanangu, wewe ni mtu wa Mungu," alisema. "Ila nusu ni kidogo. Nina cherehani ya kuhamisha."

"Mama, hata hiyo nusu natoa kwa huruma tu."

"Basi ongeza huruma kidogo."

Akaongeza, na wenzake nao wakataka huruma hiyohiyo. Kufikia adhuhuri pesa za dada zilikuwa zimekwisha. Wapangaji walimshika mkono mmoja mmoja, wakamwombea dua, naye akajiona mfadhili kwelikweli.

Siku ya wadai kukutana, mfilisi, mzee mpole mwenye miwani, alianza kuwaita wapangaji. Asali akasimama, koti limenyooka kwa pasi.

"Usijisumbue, mzee. Wote nimewanunua. Mahali pao nimesimama mimi."

"Kwa haki zao tu, au na madeni?"

"Kila kitu," alisema Asali, ambaye alipenda kusikilizwa. "Mashahidi ni hawa wote. Mimi ndiye wao."

Mfilisi alimshukuru kwa dhati. Kisha akamweleza taratibu kwamba wapangaji, walipoona mwenye nyumba anayumba, waliacha kulipa kodi wakaishi kwa amana mpaka ikaisha. Halafu wakaendelea kuishi. Sasa kila chumba kilidaiwa kodi ya mwezi. Mpangaji yeyote mwenye amana yake anaujua ujanja huo. Asali wa madirishani angejifunzia wapi? Alimtafuta mama mshonaji kwa macho, akamwona karibu na mlango.

"Mama, mbona hukuniambia?"

"Kwani uliniuliza, mwanangu?"

Dada mtu alipopata habari alilia kidogo, akanawa uso, akaenda mwenyewe kwa mfilisi. Wakaelewana kwamba achukue chumba cha mbele, ambacho mshonaji alikuwa amekihama, akifanye saluni, na deni la kaka yake alipunguze polepole. Kaka akakabidhiwa ufagio na kazi ya kuosha vichwa vya watu. Lazima tuseme kweli, aliiweza. Wanawake walivuka mtaa kuja kuoshwa huku wakisifiwa.

Mmoja wao, shingo ikiwa juu ya beseni, aliuliza huyu kaka mwenye maneno matamu ni nani.

"Huyo ni amana yangu," alijibu dada, bila kuacha kusuka. "Siku pesa yangu ikirudi, nitamwachia."