Viendelezi Vyangu na Chumba Chenye Joto

Jumatatu, 3 Machi

Baridi ya kuua. Madirisha ya darasa langu yameganda kwa ndani. Kikaoni Bi Saadat, mkuu wetu wa shule, katangaza: Ijumaa wanakuja wakaguzi wa wilaya. Mwalimu atakayefundisha vizuri zaidi kwa kompyuta atapewa chumba cha kompyuta. Chumba pekee chenye kipasha joto kinachofanya kazi! Lazima kiwe changu. Nafundisha jiografia nimevaa glavu tangu Novemba.

Gulzina wa baiolojia akasema yeye hutumia viendelezi kwenye kivinjari chake cha intaneti. Nikasema mimi pia, miaka mingi. Nyumbani nikamuuliza mke wangu, Zuura, kiendelezi ni mdudu gani. Akasema ni kiprogramu kidogo unachokibandika kwenye kivinjari kikufanyie kazi fulani, na nikitaka zaidi niwaulize wanafunzi wangu. Wanafunzi! Afadhali glavu.

Jumanne, 4 Machi

Nimeweka viendelezi. Kimoja kinaficha matangazo. Kimoja kinatia ukurasa giza ili macho yasiumie. Kimoja kinasoma maandishi kwa sauti. Kimoja kinaleta picha ya paka kila ukifungua ukurasa mpya (sijui kiliingiaje). Alama zimejaa juu ya skrini hadi ukurasa wenyewe umebaki kama ufa wa mlango. Gulzina, nilipomchokonoa kwa ujanja, alisema anatumia vitatu tu. Vitatu! Namhurumia.

Darasa la saba wamempenda paka. Wote isipokuwa Begimai, anayekaa nyuma kabisa. Msichana huyo hajasoma hata mstari mmoja mbele ya wenzake tangu ahamie kwetu. Anasema herufi zinamkimbia. Basi simwiti. Yeye ana amani, nami nina amani.

Jumatano, 5 Machi

Uvumbuzi! Kipo kiendelezi kinachofunga kurasa za michezo. Mtukutu akijaribu kufungua, anakuta ujumbe wa mwalimu. Nimeandika: “Rudi kazini, mvivu wee! Mwalimu Sagynbek.” Kisha, ili kisiponyoke kitu, nimefunga kurasa zote isipokuwa za ramani na za ziwa nitakalofundisha Ijumaa. Najisikia kama jenerali.

Alhamisi, 6 Machi

Maafa. Kumbe nilikuwa nimeingia kwa akaunti ya shule. Viendelezi vimesambaa kwenye kompyuta zote, pamoja na ya Bi Saadat. Asubuhi alitaka kufungua barua ya wilaya, akaambiwa arudi kazini, mvivu yeye. Akajaribu tena. Mvivu tena.

Akaniita ofisini, akanisomea ujumbe wangu polepole, Gulzina akisikia. “Sagynbek, mdogo wangu,” akasema, “mimi niko shule hii tangu hujaota ndevu. Uvivu wangu umeuona wapi?”

Nikasema, dada, lilikuwa jaribio la usalama, na umefaulu. Gulzina akageukia dirisha, mabega yakimtikisika.

Nimeamriwa kuondoa vyote. Nimeondoa, kasoro kile cha kusoma kwa sauti. Nimekitafuta nimekikosa. Si neno, kitakaa kimya. Kesho nashinda kwa kipaji.

Ijumaa, 7 Machi

Wakaguzi wawili nyuma ya darasa, makoti mwilini. Bi Saadat kando yao, Gulzina kando yake. Somo: kwa nini ziwa letu, Issyk-Kul, haligandi. Nikaonyesha ukurasa ukutani. Nikafungua mdomo. Kompyuta nayo ikafungua wake!

Sauti ya mwanamke asiyevuta pumzi, ikisoma mbio kila kitu, hata namba za kurasa. Nikapaza yangu. Nikabonyeza hiki, akaongeza mwendo. Nikabonyeza kile, akaanza upya. Darasa likaangua kicheko. Mkaguzi mmoja alifuta machozi. Nikaushika waya wa umeme niung'oe.

“Mwalimu, usizime!”

Begimai. Amesimama! Uso mwekundu kama nyanya.

“Tafadhali usizime. Ipunguze mwendo tu.”

Nilikuwa sijui inapunguzwaje. Akaja mbele mwenyewe, akapunguza. Kila neno lililosomwa likawa linang'aa manjano ukutani, naye akalifuata kwa kidole, midomo ikicheza. Sauti ilipofika mwisho, akatugeukia. Akasema ziwa lina kina kirefu mno, na maji yake yana chumvi. Ya juu yakipoa yanazama, yenye joto kidogo yanapanda, na baridi inaisha kabla ziwa zima halijapoa vya kutosha. Tena babu yake huoga humo Januari, bibi akimtukana kutoka ufukweni.

Wakacheka tena, safari hii pamoja naye. Bi Saadat alivua miwani, akaifuta muda mrefu. Gulzina ndiye aliyeanza kupiga makofi. Mimi nimeshika waya tu, nikajifanya napiga chafya. Vumbi, bila shaka.

Chumba kapewa Gulzina. Somo lake lilikuwa na mwanzo na mwisho.

Jumamosi, 8 Machi

Sikukuu ya wanawake. Nimempa Zuura maua, tumekula tambi baridi za pilipili sokoni. Gulzina kapiga simu: Bi Saadat anataka kiendelezi kile cha kusoma kitumike kwa Begimai katika kila somo, je, kinaitwaje? Nikasema ni siri ya kitaaluma. Ukweli ni kwamba silijui jina lake. Atakitafuta mwenyewe.

Zuura kaniambia, baba, umemsaidia mtoto kwa bahati tu, sasa tulia, umuombe Gulzina akufundishe. Nitulie! Nimeitafakari wiki nzima na kosa langu nimeliona: viendelezi vilikuwa vichache.

Mchana huu nimepata kimoja kinachopiga makofi kila mtu anapomaliza kusema sentensi. Nimekiweka. Kwa akaunti ya shule, pasikose mtu. Jumatatu Bi Saadat atatoa rambirambi zetu kwa njia ya video kwa ofisa elimu wa wilaya, aliyefiwa na mama yake. Maskini Bi Saadat, huwa anaogopa sana kuzungumza kwenye video. Safari hii atapata moyo.