Nyumba Namba Moja

Jumatatu, 3 Juni

Karatasi ya wilaya imebandikwa leo kwenye ukuta wa zahanati, ile "Taarifa kwa Wakazi" inayotoka kila Jumatatu na kusomwa na mimi peke yangu. Wengine huibandua na kufungia misumari. Habari ya kwanza: mitaro itazibuliwa. Iliandikwa hivyo hivyo mwaka jana. Habari ya pili: siku ya kuzoa taka imehamishwa, kutoka siku ambayo gari haliji hadi siku nyingine ambayo gari haliji. Habari ya tatu nimeisoma mara mbili. Nyumba zote za mtaa wetu zitapewa namba. Na nyumba namba moja itawekewa ubao wa matangazo wenye kioo na kufuli, na mkazi wake atakuwa Mtunza Ubao.

Mtunza Ubao. Mwenye ufunguo. Nyumba yetu ndiyo ya kwanza ukiingia mtaani; watu watasimama mlangoni kwangu kuuliza maji yanarudi lini, nami nitawajibu nikijisikia.

Nyumba ni ya dada, sikatai. Dada amenizidi miaka sita, ni fundi cherehani, ananilisha, na haipiti siku bila kunikumbusha yote matatu. Lakini mwanamume wa nyumba ni mimi. Nilipompa habari hakuinua hata kichwa. Akasema yeye anasubiri barua ya wilaya kuhusu aproni mia mbili za wafagia barabara. Akiikosa kazi hiyo, itabidi afunge chumba chake cha kushonea akaajiriwe kwa yule fundi wa sokoni anayefoka. Na kama nina nguvu za kutunza ubao, nianze kwa kutunza vyombo nilivyolia. Mtu asiye na upeo.

Jumanne, 4 Juni

Balaa. Namba zitaanzia upande wa kinyozi.

Karani wa wilaya amepita leo na daftari akielezea. Namba zitapanda upande ule mpaka mwisho wa mtaa, kisha zitarudi kwa upande wetu. Kinyozi, anayetazamana nasi mlango kwa mlango, ni namba moja. Sisi ni ishirini na tatu. Namba ya wasindikizaji.

Huyu kinyozi nimweleze vizuri, ili wajukuu wakisoma wamjue. Sharubu kama brashi ya viatu. Ananyolea watu chumba cha mbele mwaka wa tatu sasa, bila hata kibao mlangoni, eti wanaomjua wanamjua. Akiona mtu wa wilaya kwa mbali anazima mashine na kujifanya anasoma gazeti. Mbele za watu ananiita shemeji. Dada, badala ya kumkanya, anacheka. Na huyo ndiye awe Mtunza Ubao!

Nimeandika barua ya malalamiko kwa niaba ya wakazi wote, nikaipeleka mwenyewe kabla ya ofisi kufungwa. Saini thelathini na moja. Nimezipiga kwa kalamu nne tofauti na mikono miwili. Karani akaisoma polepole, kisha akaniuliza marehemu fundi bomba amesaini lini. Nikamjibu kwamba alikuwa mtu wa kupenda maendeleo. Barua haikupokelewa. Ofisi haina hata chembe ya heshima kwa marehemu.

Jumatano, 5 Juni

Vibao vimepigwa. Vya bluu, namba nyeupe, skrubu mbili kila kimoja. Chetu: 23. Nimekiangalia mpaka macho yakauma.

Jioni kinyozi alivuka barabara kuja kunisimanga. Alisema hiyo namba moja haimpi raha hata kidogo, kwamba watu wa wilaya wakitoka ofisini huanzia namba moja, na kwamba angeweza angenipa mimi. Kisirani cha aina yake. Mtu amepewa heshima halafu anakuja kulialia mlangoni kwa aliyenyimwa. Nikamwambia asitie shaka, Mungu si wa mtu mmoja. Akasema, haya shemeji, akaenda zake.

Alhamisi, 6 Juni

Mkutano wa mitaro ulifanyika shuleni saa nane. Mtaa mzima ulienda, kila mtu na mtaro wake rohoni. Mimi nilipata tumbo la ghafla.

Nilichukua bisibisi kwenye droo ya cherehani ya dada. Dakika kumi na mbili kazi imekwisha: moja kwetu, ishirini na tatu kwake. Skrubu moja ilinidondoka mtaroni, kwa hiyo namba moja inaning'inia kidogo. Inapendeza hata hivyo. Inaonyesha haijali.

Dada aliporudi alisimama mlangoni akauliza hii nini. Nikasema wilaya imerekebisha makosa. Akasema wilaya haijawahi kurekebisha kitu kwa siku moja tangu azaliwe. Lakini alikuwa na suruali ya mtu ya kumalizia, akaingia ndani kushona. Mitaro, kwa taarifa, wamekubaliana kuijadili tena.

Kinyozi alikiangalia kibao chake kipya kwa muda mrefu. Akatazama kulia, akatazama kushoto. Kisha akaingia ndani akipiga mluzi. Ameumia yule, anajikaza kisabuni tu.

Ijumaa, 7 Juni

Siku ya kukumbukwa. Tarishi wa wilaya alikuja na baiskeli. Ni mgeni kazini, hamjui mtu, anasoma vibao tu. Nilikuwa kizingitini, kifua mbele. Akanipita bila hata salamu, akaenda kwa kinyozi, akamkabidhi bahasha ya kaki yenye mhuri na kumsainisha.

Uso wa kinyozi! Ulipauka. Hakuifungua. Aliitumbukiza kwenye droo ya nyembe, akaisukuma droo kwa goti, akamrudia mteja wake na kumnyoa upande mmoja zaidi ya mwingine. Hiyo ni samansi, sina shaka. Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Dada akauliza kutoka ndani kama tarishi amepita. Nikamwambia amepita, ila barua ilikuwa ya kinyozi. Halafu akasema jibu la kazi ya aproni lazima lifike ofisini Jumanne kabla ya saa sita mchana, pamoja na aproni moja ya mfano, vinginevyo kazi anapewa mwingine. Ya mfano ameshaishona, imekunjwa mezani. Kinachokosekana ni barua tu. Nikamfariji: wilaya kazi yao kuchelewesha. Sikupenda alivyonitazama, maana macho yake yalikuwa yamelowa, na mimi vitu hivyo vinanisumbua wakati wa kula.

Jumatatu, 10 Juni

Wamekuja! Wanaume wawili na mwanamke mmoja, beji vifuani, mkoba, utepe mwekundu mkononi. Utepe wa kuzindulia. Dada alikuwa ameenda kununua uzi. Bora, nikawaza, asije kuniharibia hotuba.

Waliuliza kama hii ndiyo nyumba namba moja. Nikajibu ndiyo, kwa sauti ya kusikika ng'ambo. Wakauliza kama mimi ndiye mhusika. Nikasema mimi na si mwingine. Wakauliza kama shughuli zinafanyika humu kila siku. Nikasema kutwa, na watu wanatoka mbali. Mwanamke akaandika yote. Kisha akaomba aone leseni yangu ya kunyoa nywele.

Nikamweleza kwamba hapa panashonwa nguo, na leseni ya dada ipo ukutani. Akasema daftari lao linaonyesha namba moja ni kinyozi, na mimi nimekiri mbele ya mashahidi. Nikasema sijawahi kunyoa mtu. Akaangalia kidevu changu akasema hilo analiamini, lakini sheria ni sheria. Wakafunga mlango wa chumba cha mbele, wakaupitishia ule utepe mwekundu, wakabandika karatasi yenye mhuri. Ndani: cherehani, aproni ya mfano, na leseni ukutani.

Ng'ambo ya pili kinyozi alikuwa anasoma gazeti. Alikuwa amelishika juu chini.

Dada amerudi na uzi wake. Sitaandika alichosema. Alikisema kwa sauti ya chini, na hicho ndicho kinachoniogopesha.

Jumanne, 11 Juni

Asubuhi mapema dada alinikamata mkono kama mtoto, tukaenda ofisi ya wilaya. Dirisha la kwanza: nendeni dirisha la nne. Dirisha la nne: mhusika anakunywa chai. Saa nne na nusu yule karani wa daftari akatuita. Kuhusu utepe, alisema mkaguzi atakuja kesho. Kuhusu aproni, alishangaa. Barua ya kukubaliwa imetoka tangu Ijumaa. Imepelekwa nyumba namba ishirini na tatu na kupokelewa kwa saini. Akatuonyesha saini. Kulikuwa na unywele umeganda juu yake.

Dada alinigeukia. Nikaangalia dari. Dari ya ofisi ile ina madoa ya maji, wanapaswa kuona aibu.

Tulirudi mtaani mbio. Dada ana miaka hamsini na tatu na sandali za kukatika, lakini sikumfikia. Aliingia kwa kinyozi bila hodi. Kinyozi akafungua droo ya nyembe na kuitoa bahasha, akaapa kwamba alidhani ni ya kumfungia biashara, kwamba hajalala siku nne, kwamba jina la juu hakulisoma kwa woga. Dada akasoma. Kazi ni yake. Ila aproni ya mfano iko nyuma ya utepe, na ilishapita saa tano.

Hapo kinyozi akafanya kitu cha kijinga. Alivua kitambaa kipya cha kunyolea kutoka shingoni mwa mteja, akakikung'uta nywele, akampa dada. Akasema yeye ndiye amekaa na barua, kwa hiyo anakwenda naye, hata kama wilaya itamla mzima. Mteja naye akatufuata, nusu kanyolewa.

Dada alishona kwa mkono, kwenye benchi la ofisi, mbele ya dirisha la nne. Aliniwekea pini zote mdomoni nizishike kwa midomo, nadhani kwa sababu ananiamini. Kila nilipotaka kumshauri karani jambo ilishindikana. Kinyozi alikata uzi kwa mkasi wake. Saa sita kasoro dakika tatu dada alikata fundo la mwisho kwa meno, akaisukuma aproni dirishani pamoja na barua. Karani akavuta mishono, akageuza pindo, akavuta tena. Kisha akagonga mhuri.

Dada alikaa chini akalia kidogo. Kinyozi akampa leso. Mimi nilikuwa bado na pini.

Jumatano, 12 Juni

Dhuluma imekamilika. Mkaguzi ameondoa utepe. Vibao vimerudishwa, na safari hii wamevichomelea. Na kinyozi, aliyekuwa ameshafika ofisini jana na roho mkononi, aliamua kuomba leseni papo hapo, akapewa. Ana kibao mlangoni sasa. Ana ubao wa matangazo. Ana ufunguo. Eti karani amemsifu kwa kujitokeza kwa hiari.

Kama nisingebadilisha vibao, mkaguzi angemkuta yeye. Nani anakumbuka hilo? Hakuna. Jioni amekaa uani kwetu anakunywa chai na dada, kikombe changu. Nilimkumbusha dada kwamba bila mimi asingekimbia, na asingekimbia karani asingeona bidii yake. Akanikabidhi mkasi akasema kuanzia leo nitakata nyuzi zinazoning'inia kwenye aproni zote mia mbili. Nikiharibu moja, nikatafute dada mwingine.

Jumatano, 26 Juni

Aproni zimekwisha. Mia mbili, rangi ya machungwa, zimekunjwa kwa kumi kumi chumba cha mbele. Kesho asubuhi zinakwenda ofisini. Dada ameenda na kinyozi kutafuta mkokoteni wa kuzibebea, wakicheka njia nzima. Hajacheka hivyo miaka mingi. Ameniambia nizilinde na nisiguse kitu. Hii ni mara ya kwanza ananipa madaraka.

Nimekaa nazo nikizitazama. Zinafunika mbele na nyuma: mgongo mpana, mtupu kabisa. Wafagiaji mia mbili, kila barabara ya wilaya, kila asubuhi, wameinama. Ubao gani wa kioo utashindana na hapo? Kinyozi na akae na kufuli lake.

Barua ya wilaya nimeisoma tena, mimi si mtu wa kukurupuka. Inasema kila aproni itakaguliwa, yenye doa itarudishwa, na zikirudi zaidi ya kumi kazi yote inavunjwa. Doa, wamesema. Jina si doa. Nimenunua kalamu nene nyeusi dukani, nikaanza: KWA HISANI YA, halafu jina langu kamili, herufi za kusomeka ng'ambo ya barabara. Nimeshamaliza sitini na mbili. Ile ya kwanza ilipinda kidogo, nikajaribu kuifuta kwa mate, kisha kwa sabuni. Haifutiki. Mwenye duka alikuwa mkweli, wino huu hautoki kamwe.