Bosi wa Pikapu Isiyo na Bima

Khachon alikuwa hajamaliza kunyonya mfupa wa kuku aliposikia mlio anaoupenda kuliko wimbo wowote: breki, kisha bati likikunjamana. Akafuta vidole kimoja kimoja, akavaa koti lake jeusi analolivaa hata mji wa Korat, Thailand, ukitokota kwa jua, akachomeka kalamu mbili mfukoni na kwenda kazini. Kazi yake ilikuwa uwakili. Chuo hakukiona hata kwa nje, lakini koti alilipiga pasi kila asubuhi, na hilo mawakili wengine linawashinda.

Penye taa za barabarani, pikapu kuukuu iliyojaa vikapu vya wali wa kunata ilikuwa imeligonga kwa nyuma gari jeupe lenye vioo vyeusi. Watu walishajaa, wanapiga picha namba za magari yote mawili, maana bahati nasibu inachezwa keshokutwa na namba za ajali haziachwi zipotee hivi hivi. Kando ya pikapu alisimama Shangazi Lamduan, muuza kuku wa kuchoma, aproni ina masizi, kiatu kimoja mguuni na kingine chini ya usukani.

"Pole, Shangazi," Khachon akamnong'oneza. "Bima ipo?"

"Iliisha, mwanangu. Nikasema mvua zikikatika nitalipia."

Khachon akafumba macho kama mtu anayeleta habari za msiba. "Basi gari wanalichukua leo leo. Na wewe mahabusu."

Huo ulikuwa uongo wa mchana kweupe. Asiye na bima hupigwa faini, naye akielewana na aliyegongwa mbele ya polisi, hulipa matengenezo kidogo kidogo. Lakini Khachon akianza kusema hivyo, atakula nini?

"Wasinichukulie pikapu," Shangazi akasema. "Hiyo ndiyo jiko langu, ndiyo duka langu. Kuku nitawachomea mgongoni?"

"Sikiliza. Kituoni nitasema gari ni langu, wewe dereva wangu tu. Mali ya wakili nani ataigusa? Nitaondoka nayo, nikufichie mpaka mambo yapoe. Nikisema jambo, wewe itikia. Usiongeze, usipunguze."

"Nitaitikia, mwanangu."

Kwa mipango ya Khachon, jioni ile ile pikapu ingekuwa kwa fundi mmoja nyuma ya soko, inapakwa rangi ya kijani. Na mwenye gari jeupe angetishwa kwa maneno ya mahakamani hadi aombe radhi kwa kugongwa. Mipango mizuri kabisa. Ila hakuchungulia nyuma ya vile vioo vyeusi.

Walipofika kituoni, mlango wa gari jeupe ukafunguliwa, akashuka Luang Po, mtawa mkuu wa hekalu la mtaa, joho lake la manjano limepinda begani, mkono umeshika shingo inayomuuma. Kituo kizima kikapiga magoti na kuunganisha viganja, hata mwizi wa baiskeli aliyekuwa rumande.

Sajini Bunrot aliinuka mwekundu kama pilipili. "Gari hili tulimchangia mtawa mtaa mzima. Bibi yangu aliuza bata wake! Mwenye pikapu nani?"

Mdomo wa Khachon ulizoea kuitangulia akili. "Mimi, afande. Huyu dereva wangu."

"Wewe? Gari halina bima, unamtuma mama wa watu barabarani, anamgonga Luang Po?"

"Yaani, afande, kwa maana ya kisheria..."

"Shangazi, ni kweli?"

Shangazi Lamduan akainamisha kichwa. "Huyo wakili, afande. Mimi niliishia darasa la nne, nitambishia nini?"

Khachon akageuka kutazama mlango. Umejaa watu, na mbele kabisa jamaa wa bucha, na panga lake. Akikana, amemdanganya polisi mbele ya mtawa, akikubali, analipa. Akalipa. Faini, bampa, taa za nyuma, rangi, hata dawa ya kuchua shingo. Noti zilipopungua akavua saa.

"Mwanangu," Luang Po akasema taratibu, "wengi hukimbia. Wewe umeubeba mzigo wako."

"Sathu!" watu wakaitikia baraka.

Khachon akanyoosha mkono. "Basi ufunguo wangu, afande."

Sajini alikuwa anasoma kadi ya gari. "Mbona hapa pana jina la Lamduan?"

"Sijabadilisha bado."

"Ukibadilisha, njoo. Na halitoki hapa bila bima."

Shangazi akakohoa kidogo. "Bosi, na mshahara wangu?"

Luang Po akamgeuzia Khachon uso wake mpole, akasubiri. Khachon akavua kiatu, akatoa noti za mwisho ndani ya soksi.

Shangazi akavuka barabara hadi kwenye kibanda cha bima, akarudi na stika mpya. Akaibandika kiooni, akailainisha pembe zote nne kwa ncha ya aproni, akapokea ufunguo kwa Sajini, akawasha pikapu. Alipomfikia Khachon, aliyesimama juani na koti mkononi, akapunguza mwendo na kushusha kioo.

"Bosi, kesho nije saa ngapi?"