Sekunde Arobaini za Kiitikio

Kuanzia Jumatatu ile, hakuna mwananchi aliyeruhusiwa kuguswa na wimbo bila kibali. Hatua hiyo ya kihistoria ilitangazwa na Mkurugenzi wa Mamlaka ya Kulinda Nyimbo mwenyewe, na tangazo likabandikwa kila mahali, hadi kwenye mlango wa choo cha wageni.

Jalada la kwanza kufunguliwa lilikuwa la fundi cherehani wa mtaa wa nyuma. Mama huyu, shabiki wa kutupwa wa mwanamuziki mmoja wa zamani, alimrekodi mama yake mzazi akicheza kitini. Magoti ya bibi yalishamgomea, lakini mabega bado yalikuwa yanaitika. Fundi akaweka juu yake kiitikio cha wimbo, sekunde arobaini tu, akairusha video mtandaoni.

Watu waliipenda kupita kiasi. Wajukuu walioko mbali wakawa wanapiga simu kila siku kumsifia nyanya yao, na bibi, aliyekuwa amenuna miezi mitano mfululizo, akaanza tena kudai wanja wake. Fundi aliogopa kitu kimoja tu: video ikifutwa, mama atarudi kukodolea ukuta macho. Na barua ya Mamlaka ilisema itafutwa Ijumaa.

Akaandika utetezi kwenye karatasi ya kuchukulia vipimo, maana ndiyo aliyokuwa nayo. Kwamba alichukua kidogo, hakuuza, hakumharibia mwenye wimbo soko, na wimbo ameupa maana nyingine. "Hayo, waheshimiwa, ndiyo matumizi ya haki mnayoyataja wenyewe kwenye kanuni zenu. Nilifanya kwa ajili ya mama yangu, ambaye magoti yamemgomea."

Kamati ya watu saba ilikaa Jumatano.

"Umechukua kiitikio," alisema Mkurugenzi. "Kiitikio ndio moyo wa wimbo. Ungechukua pale mwimbaji anapokohoa, tungeelewana."

"Mheshimiwa, mama hawezi kucheza kikohozi."

"Hilo ni suala la afya. Si la idara yetu."

Kisha ukafuatwa utaratibu. Ili kulinganisha, Mamlaka huupiga wimbo wenyewe wote, mwanzo hadi mwisho. Na kwa ajili ya uwazi, kila kikao hurekodiwa na kuwekwa kwenye ukurasa wa Mamlaka mtandaoni. Kufikia ubeti wa pili mwanasheria alikuwa anagonga meza kwa kalamu. Mkurugenzi alifumba macho, bila shaka ili achunguze kwa kina, akaimba kiitikio kwa sauti ya pili.

Dakika sita zilipokwisha, alifumbua macho na kuukataa utetezi kwa kukosa uzito. Fundi alirudi kwenye cherehani yake. Iliuma, asikwambie mtu.

Mamlaka ilikuwa na mtambo wa kunasa nyimbo zilizoibwa mtandaoni, na sifa yake kubwa ni kwamba hauangalii cheo cha mtu. Alhamisi asubuhi ulinasa video ya dakika sita yenye wimbo mzima na mtu mzima akiuimba. Ukurasa wa Mamlaka ukafungwa papo hapo. Kwa kanuni alizozitunga Mkurugenzi mwenyewe, mkuu wa taasisi iliyokosa alitakiwa kuleta utetezi siku hiyo hiyo, la sivyo aachie kiti.

Tatizo ni kwamba pale ofisini hakuna aliyewahi kuandika utetezi. Walikuwa na uzoefu wa kukataa tu. Kabati zima lilikuwa na mmoja, wa fundi.

"Nakili huo," Mkurugenzi alimwambia katibu muhtasi wake. "Badilisha jina."

Katibu muhtasi, mtumishi mtiifu wa miaka ishirini, alibadilisha jina, na hakugusa kingine chochote. Ndiyo maana alasiri ile kamati ilisomewa kwamba Mkurugenzi alifanya yote kwa ajili ya mama yake, ambaye magoti yamemgomea.

"Pole sana, Mheshimiwa," walisema wajumbe, wengine wakilengwa na machozi. "Mama anaendeleaje?"

"Anajikongoja," alijibu Mkurugenzi, ambaye mama yake alikuwa nahodha wa wastaafu wanaokimbia kila Jumamosi.

Utetezi ulikubaliwa kwa kauli moja. Katibu muhtasi alipouingiza kwenye daftari, alisoma kanuni kwa sauti: maneno yale yale hupewa uamuzi ule ule. Akagonga mhuri mara mbili, video ya fundi ikapona. Halafu akaonyesha safu ya mwisho, iliyokuwa tupu na ya kujazwa kabla ya Ijumaa mchana: *Je, mwandishi wa awali wa utetezi ameridhia?*

Ijumaa asubuhi Mkurugenzi alisimama mlangoni kwa fundi, fomu mkononi.

"Dada yangu, nisaidie sahihi tu hapa chini."

Fundi hakuondoa mguu kwenye cherehani. "Ulichukua kidogo, Mheshimiwa, au yote?"

"Yote."

"Na mama yangu?"

"Na mama."

Fundi alicheka hadi uzi ukakatika. "Mama! Kuna mwanao mwingine huku."

Bibi, wanja ukiwa umekaa sawasawa, alimkagua mgeni kuanzia viatu hadi tai. "Wanangu wote wanacheza," alisema. "Kama ni wangu, tutaona."

Mkurugenzi aliitazama fomu, akatazama saa, akaweka mkoba chini. Fundi alikuwa ameshatoa simu.

"Usihofu, Mheshimiwa," alimwambia. "Kiitikio tu."