Natibiwa kwa Mwanga

Jumatatu, 3 Machi 2025
Nimetoka kliniki. Daktari kasema nina upungufu wa umakini, na kwamba hata watu wazima huwa nao. Afadhali! Mama alikuwa anauita uzembe. Nikamuuliza daktari kuhusu zile kofia za kumulika ubongo kwa taa, nilizosoma kwenye simu. Akasema bado zinafanyiwa utafiti, nianze na dawa na ratiba, nirudi Jumatatu ijayo saa mbili asubuhi. Ratiba! Mimi napeleka posa Jumapili. Mara ya kwanza nilifika siku moja baadaye, mshenga nimemsahau bandarini Nansio. Mzee Rwehumbiza kaapa: nikikosea tena, binti yake Kemilembe nimsahau.

Jumatano, 5 Machi
Nimejitengenezea kofia. Helmeti ya bodaboda, taa nne za kuvulia dagaa kutoka kwa Ngosha, muuza taa wa sokoni Mwaloni. Nimekaa nayo dakika ishirini. Akili imetulia kabisa. Maharage yameungua mpaka sufuria imetoboka.

Alhamisi, 6 Machi
Obedi kapita, kanikuta na kofia kichwani. Huyu anammezea mate Kemilembe tangu wakiwa kwaya moja. Kauliza nafanya nini. Nikamjibu kwa maringo: natibiwa kwa mwanga. Akaondoka bila kuaga. Wivu huo.

Ijumaa, 7 Machi
Mungu wangu. Obedi kampelekea Mzee Rwehumbiza maneno yangu yale yale, hakuongeza hata nukta. Na Rwehumbiza ni mzee wa kanisa! Kaelewa kwamba naenda kwa mwanga, mchawi wa usiku. Kemilembe kapiga simu analia. Kambembeleza baba yake anisikilize Jumapili. Naogopa kumpoteza.

Jumapili, 9 Machi
Nimefika kwa wakati, na mshenga. Mzee hakuitikia shikamoo yangu. Ukutani kuna saa inayochelewa dakika saba. Nikawaza betri, nikawaza bisibisi. Nikadaka mwisho tu wa swali.

"Huyo mwanga wako ni nani?"

"Ni Ngosha wa Mwaloni, mzee. Anauza hata kwa jumla."

Mshenga kafunika uso. Kemilembe katoka jikoni, kaeleza yote: taa, helmeti, daktari. Kisha mzee katoa sharti: kesho niende kliniki, Kemilembe ashuhudie kwa macho yake. Nikikosa, nisikanyage tena pale.

Jumatatu, 10 Machi
Nimeamka alfajiri, nimevaa, nimepiga hadi viatu rangi. Ndipo nikagundua kosa: taa nne ni chache! Nimeamua kufunga nane, daktari mwenyewe azione. Kemilembe kapiga mara kumi na moja, yuko kliniki. Sasa ni saa sita mchana. Nitampigia nikimaliza hii ya mwisho.