Mwenye Herufi za Kifalme

Siku Fasaha alipoliona lile bango tupu, alikuwa amebakiza siku tatu za kulala sebuleni kwa dada yake. Shemeji yake, mtu mpole anayekasirika mara moja kwa mwaka, alikuwa amekasirika.

"Shemeji," alimwambia asubuhi hiyo, huku akimruka miguu ili avifikie viatu vyake, "mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wewe huu ni mwezi wa saba, na jembe lenyewe sijaona hata umeliulizia. Jumamosi nataka sebule yangu."

Dada mtu alikuwa jikoni akiosha kikombe kilichokwisha takata. Ndipo Fasaha akajua kwamba safari hii mambo yameiva.

Kwa hiyo aliposimama mbele ya duka la samani lililopakwa rangi upya, akaona juu ya mlango bango kubwa jeupe lisilo na hata nukta, na kwenye dirisha la ghorofani karatasi inayosema chumba kinapangishwa, moyo ulimdunda. Wajanja wengine hutafuta fedha. Fasaha, masikini, alikuwa anatafuta mlango wenye ufunguo.

Ni haki kusema kwamba herufi alizijua. Alipata kufanya kazi miezi mitatu kwenye duka la kuchapa kadi, mpaka alipoichagulia kadi ya harusi maandishi yenye mikia na vikonyo vingi hata nusu ya wageni wakaenda ukumbi mwingine, wakala, wakacheza, wakaondoka wakimsifu bibi harusi wa watu. Alifukuzwa siku ya pili yake, akaondoka na jalada la sampuli za maandishi ambalo mpaka leo mwenye duka analitafuta.

Mwenye samani alikuwa mama wa makamo, mnene, mtulivu, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Kochi. Alikuwa amekaa kwenye kochi lake mwenyewe akifuma kitambaa. Alisifika kwa kupenda kitu ambacho jirani hana.

"Shikamoo mama. Bango lako linalia," alianza Fasaha.

"Marahaba. Linalia nini?"

"Linataka kusema, halina sauti. Maana herufi ni sauti, mama. Duka linaweza kunong'ona, linaweza kupiga kelele. Tazama." Akafungua jalada. Kila ukurasa uliandikwa neno moja tu, KARIBU, kila mara kwa sura nyingine. "Hizi nene, zilizoshiba, ni za muuza misumari na saruji. Hizi nyembamba ni za muuza manukato, anayetaka uinamie kusoma. Hizi hazina miguu, safi, wima, za duka la dawa. Mgonjwa hataki urembo, anataka kuelewa."

"Na hizi zilizolala? Zimechoka?"

"Zinakimbia, mama. Hizo ni za watu wa mizigo."

Mama Kochi aliweka kitambaa pembeni. "Na za makochi?"

Fasaha akashusha sauti. Akageuza ukurasa wa mwisho taratibu, kama anamfunua mtoto usingizini. Zilikuwa herufi za kawaida kabisa, zenye vijiguu chini na mabega juu, zile ambazo kila kompyuta inazaliwa nazo, ambazo wewe na mimi tumezisoma kwenye barua za shule na risiti za maji mpaka macho yamezizoea, hayazioni tena.

"Zinaitwa Kifalme. Alizichora mzee mmoja kwa miaka saba, kwa ajili ya jumba la mfalme. Akafa kabla hazijaandika neno." Hapa alinyamaza kidogo kwa heshima ya marehemu, ambaye Mungu amrehemu, maana hakuwahi kuzaliwa. "Anayezinunua, anazinunua peke yake. Hakuna mwingine duniani atakayezitumia."

"Peke yangu?"

"Peke yako. Na sitaki hela, mama. Sanaa haiuzwi kwa hela. Nipe kile chumba cha juu, mwaka mmoja, nitakuandikia hati ya umiliki."

Mama Kochi alizitazama zile herufi kwa muda mrefu, akazipitishia kidole. "Na mtu akiniibia?"

"Tunaweka faini kwenye hati."

"Faini atanilipa nani mtaa huu? Andika kazi. Atakayekamatwa anazitumia bila ruhusa yangu, anifanyie kazi mwaka mzima."

Fasaha, aliyelewa utamu wa maneno yake mwenyewe, aliandika kazi. Akaongeza "bila kisingizio wala rufaa", kwa sababu ilisikika vizuri. Akapiga muhuri alioununua sokoni, wenye picha ya simba na maneno yasiyosomeka. Jumamosi asubuhi alihamia chumbani na begi moja. Alikifunga kile kitasa na kukifungua mara tano, bila sababu, akafurahi hadi akaona haya. Jioni fundi alimaliza kuandika bango. Fasaha naye akabandika mlangoni pake karatasi nadhifu aliyoichapisha: MSHAURI WA HERUFI, BISHA HODI.

Wiki ya kwanza alilala kama mtoto. Wiki ya pili Mama Kochi alianza kutembea mtaani na hati mkononi.

"Mama Kochi amepandwa na wazimu," ndivyo Fasaha alivyosikia dirishani pake. Mama huyo alikuwa kwa kinyozi wa jirani, akionyesha bei zilizobandikwa kwenye kioo, akisema zimeandikwa kwa herufi zake. Kisha akavuka kwa mwanamke wa duka la dawa, akashika bahasha ya vidonge, akasema hata hii. Fasaha alifunga dirisha. Akajifariji kwamba mtu mzima hawezi kugombania herufi. Alikuwa hajamaliza kujifariji hodi ikabishwa.

Walikuwa watatu: Mama Kochi mbele, kinyozi na mwanamke wa dawa nyuma.

"Mwanangu," alisema Mama Kochi, "majirani wanadai herufi hizi ni za kila mtu, eti zilikuja bure na kompyuta. Wewe ndiye mjuzi. Sema mbele yao. Ni zangu au si zangu?"

Fasaha alimtazama kinyozi, aliyekuja na wembe mfukoni. Akatazama ufunguo uliokuwa unaning'inia kitasani. Akisema ni za kila mtu, hati imekufa, na chumba kimekufa nayo, na shemeji sebule yake amekwisha ijaza meza ya kulia. Akisema ni za Mama Kochi, basi ufunguo unabaki.

"Ni zake," alisema. Na kwa kuwa aliogopa, alisema sana: mzee, jumba, miaka saba, sheria za herufi. "Peke yake. Naapa."

"Mmesikia?"

"Tumesikia," alisema mwanamke wa dawa. Alikuwa amekuja na kalamu, kitu ambacho Fasaha alipaswa kukishangaa mapema.

"Basi majirani zangu nimewasamehe. Jirani hamfungi jirani." Mama Kochi akageuka taratibu, akaweka kidole kwenye karatasi ya mlangoni. "Na hii je? Nani aliyekupa ruhusa?"

Fasaha alisoma MSHAURI WA HERUFI kana kwamba kaiandika mtu mwingine. Vijiguu chini, mabega juu. Kinyozi alikuwa anang'ata midomo asicheke.

"Mama, ile ni... sasa tuseme ukweli..."

"Ukweli umekwisha usema, umeapa. Shahidi wa kwanza tia sahihi. Wa pili."

Walipotia sahihi walishuka, na kicheko chao kikasikika ngazi nzima. Mama Kochi alibaki, akaketi kitandani mwa Fasaha, akanyoosha vidole vyake vifupi vyenye ncha ngumu.

"Miaka ishirini na miwili nimepanga herufi kwenye kiwanda cha uchapaji, mwanangu, za madini ya risasi, moja moja, kwa mikono hii. Hiyo Kifalme yako nimeipanga kabla hujaota meno. Jina lake halisi nalijua, na aliyeichora hakufa kwa ajili ya mfalme yeyote."

"Sasa mbona ulinunua?"

"Nilikuwa natafuta mtu wa kuniuzia makochi. Wote waliokuja walikuwa waaminifu, hawakuweza kuuza hata kigoda. Nikakusikia wewe unaeleza herufi zilizolala kwamba zinakimbia." Akainuka. "Chumba ni chako mwaka mzima, hati ni hati. Na kazi ni yako mwaka mzima. Huko chini kuna kochi la watu watatu linakwenda ghorofa ya nne kwa mteja. Fundi wangu wa makochi ameshika upande mmoja."

Fasaha alichomoa ufunguo kitasani, akautia mfukoni. Akashuka ngazi, akalizunguka lile kochi akitafuta upande mwepesi, akamkuta fundi ameshika huo.